Bibi Tatu Alale Kwa Nani

Hapo zamani, si zamani ya majini na wafalme bali zamani ya juzijuzi, nyumba zilipokwisha kupigwa namba za rangi milangoni, aliishi katika mji mmoja wa bara mjane aliyeitwa Bibi Tatu binti Mkomwa. Nyumba yake ilianguka mwaka wa mvua kubwa. Alikuwa na watoto watatu, Mrisho, Siwema na Hemedi, na kila mmoja alikuwa na nyumba yake. Basi Bibi akawagawia mwaka. Miezi minne kwa Mrisho, miezi minne kwa Siwema, miezi minne kwa Hemedi. Siku ya kuhama alikunja mkeka wake, akashika mkongojo, akavuka mitaa miwili akisalimia watu kama mtu anayerudi kutoka safari ya mbali. Mwendo huo aliupenda sana. Kwa Mrisho alilala vizuri, kwa Siwema alikula vizuri, na kwa Hemedi alicheka.

Mwaka mmoja baraza la mji likakaa kupanga bajeti. Likataka mtaro wa maji ya mvua, likataka taa za sokoni, likataka zahanati iezekwe upya. Ushuru wa soko ukaonekana hautoshi. Wajumbe wakazitazama nyumba. Wakapitisha kwamba kodi ya majengo, iliyokuwa sawa kwa kila nyumba, sasa itatozwa kwa idadi ya vyumba, na nyumba iliyolimbikiza kodi ya miaka mitatu itapigwa mnada. Ila wakaongeza jambo moja: nyumba anayolala mzee wa miaka sabini au zaidi haitalipa kodi, na deni lake la nyuma litafutwa, kwa kuwa wazee ndio walioujenga mji.

Bibi Tatu alikuwa na miaka sabini na minne.

Basi akawa mtu wa kugombewa. Awali, mwezi wake wa nne ukielekea mwisho, alikuwa akisikia nyuma ya pazia, "Mama anahama lini?" Sasa alisikia, "Mama, kwani una haraka gani?" Alitabasamu, akaongezewa nyama.

Karani wa baraza alifika siku ya Alhamisi na daftari lake. Alimkuta Bibi kwa Siwema, amekaa mkekani, na watoto wote watatu wamekwisha kumzunguka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umechelewa. Wake wenzangu wamekuzuia wapi?"

Karani akacheka, lakini daftari halikucheka. "Bibi, mzee mmoja anaandikwa nyumba moja. Ukiandikwa hapo, utalala hapo mwaka mzima, na mwaka ujao, na unaofuata. Mgambo watapita kuangalia."

"Na miezi yangu minne minne?"

"Daftari halina nafasi ya kuhama, bibi."

Hapo Bibi Tatu akaacha kutabasamu. Mwendo wake wa mitaa miwili ulikuwa umekwisha, na popote atakapoandikwa, watoto wake wawili wangebaki nje.

"Haya, semeni," akawaambia. "Mmoja mmoja, mkubwa kwanza."

Mrisho akasema, "Mama, vyumba vitatu vingenitosha. Ulipovunjika mguu nikaongeza chumba chako, kizingiti nikakishusha, choo nikakiingiza ndani. Nikaongeza na viwili, ili wajukuu waje kukaa nawe. Sasa ni sita, na kila chumba kinanidai. Kodi inayonielemea imetoka kwako. Mimi ndiye ninayestahili."

"Choo kizuri kile," akasema Hemedi. "Hata mimi huja kukitumia."

"Na hujawahi kukisafisha."

Siwema akasema, "Mama, mimi nina vyumba viwili, kodi yake naimudu kwa maandazi yangu. Sisemi habari za kodi. Ulipovunjika mguu nilikubeba mgongoni kwenda kuoga, miezi saba. Saba, si minne. Wakati huo hapakuwa na msamaha kwa mtu yeyote. Kaka alikuwa kwenye matofali yake, huyu alikuwa kwenye soga zake. Aliyekulaza bila faida ndiye akulaze sasa. Mimi ndiye ninayestahili."

Hemedi hakumtazama mama yake. "Mama, nyumba yangu ina kodi ya miaka mitatu. Imekwisha kupigwa alama nyekundu ukutani. Mwezi ujao inauzwa, na wanangu hawana pa kwenda. Kosa ni langu. Lakini baraza lilipowaita wananchi kuisikiliza bajeti, kaka hakwenda, dada hakwenda. Mimi nilikwenda. Nikasimama nikawatetea wazee mpaka koo likakauka, wajumbe wakakubali. Msamaha mnaougombania ni mimi niliyeuleta. Mimi ndiye ninayestahili."

"Uliwatetea wazee," Siwema akauliza, "au uliutetea ukuta wako?"

Hemedi akafikiri. "Vyote viwili, dada. Lakini wazee wa mji mzima wamepona, na hakuna aliyeniuliza nilikuwa nikiwaza nini."

Bibi akawageukia wakubwa. "Hamuwezi kumlipia mwenzenu?"

"Nimemlipia mara mbili kabla ya deni hili, mama," akasema Mrisho. "Nikimlipia ya tatu, nyumba mbili zitakwenda mnadani."

Maandazi ya Siwema yalitosha kodi ya vyumba viwili, basi.

Bibi Tatu akawatazama mmoja mmoja. Akaona kwamba hakuna aliyesema uongo. Hilo likamfurahisha kama mzazi, nalo ndilo lililomzidishia kazi. Karani akafunua kidau cha wino. Bibi akachovya dole gumba, akaliinua juu ya mistari mitatu iliyokuwa wazi.

"Popote upendapo, bibi," akasema karani. "Ila mara moja tu."

Nanyi mnaosikiliza, msikae mkimtazama mama wa watu, wino unakauka. Mrisho alijenga, Siwema alibeba, Hemedi alisema. Je, ni nani aliyestahili Bibi Tatu alale kwake?