Kwa Nini Mchaichai Husubiri Mkono wa Mtu

Kaeni vizuri niwape ya kwetu Upareni, na mkitoka hapa mkaulizie. Zamani mchaichai ulichanua na kutoa mbegu kama mtama. Ila dunia nzima shina lilikuwa moja tu, uani kwa Namkunda, bibi aliyeanzisha ukoo wetu.

Bibi alikuwa na maringo, siwafichi. Watu walipanda mlima kunywa chai yake, kichwa kikamvimba. Ua likichomoza tu, analing'oa, mbegu isije ikadondokea kwa jirani. Mchaichai ukachoka kung'olewa maua, ukaacha kuchanua kabisa. Bibi akafurahi: "Sasa ni wangu peke yangu!"

Kiangazi kimoja shina likawa nene kama pipa, majani makavu yamelibana, katikati likaanza kuoza. Akalimwagia maji, ndiyo kwanza likazidi kunuka. Na mbegu hamna. Likifa hilo, mchaichai umeisha duniani.

Jirani yake Nakijwa, ambaye alishanyimwa hata jani moja, akachungulia. "Mwenzangu, lipasue hilo."

"Nilipasue? Si litakufa!"

"Kwani sasa hivi linacheza ngoma?"

Bibi akashika panga. Akafyeka majani mpaka chini, yakamchana viganja, na hadi leo yanachana. Akang'oa shina, akalipasua, palipooza akatupa. Vikabaki vichipukizi saba vyenye mizizi.

"Na mimi je?" Nakijwa akauliza.

Bibi akamchagulia kile kilichokonda kuliko vyote. "Haya. Ila nitunzie tu. Bado ni changu."

Vile sita akavirudisha kwenye shimo lilelile la uozo. Vikafa vyote. Bibi akakaa wiki nzima hapiki chai.

Mvua za vuli zilipoanza, Nakijwa akabisha hodi, udongo umemjaa mikononi. Kile kikondefu kilikuwa kimenenepa, amekipasua nusu kwa nusu.

"Chako hiki. Nimekutunzia."

Bibi alilia, jamani. Msimu uliofuata akapasua shina lake, akapita nyumba kwa nyumba akigawa.

Na tangu siku hiyo mchaichai hauhangaiki na mbegu, unasubiri mkono wa mtu. Kwetu kiangazi kikiisha tunafyeka, tunapasua, tunagawa. Hatuuzi. Anayekupa hasemi "chukua", anasema "nitunzie."

Kwa hiyo popote mtakaponusa chai ya mchaichai, kunyweni kwa adabu. Mnatutunzia.