Somo Moja Lililobaki

Mwanamke mmoja alikuwa na somo moja lililobaki. Jina lake Sekela, mpishi katika shule ya bweni, naye alisoma kwa masafa: chuo kiko mkoa mwingine, yeye yuko jikoni, na mhadhara anausikiliza kwenye simu aliyoiegemeza kwenye gunia la maharage. Masomo mengine yote alikwisha kuyafaulu. Takwimu peke yake ndiyo iliyomwangusha mwaka aliojifungua. Sasa muda wake wa usajili ulikuwa unaisha, na chuo kilikwisha kumwambia: asipoufanya mtihani safari hii, yote aliyofaulu yanafutwa.

Najua mnamsubiri mume mkorofi aingie. Hayumo. Mume wa Sekela aliosha vyombo bila kutangaza, na siku ya mtihani aliomba ruhusa kazini akae na watoto.

Mtihani uliangukia Siku ya Wanawake, mchana, katika shule ya sekondari iliyopo ng'ambo ya uwanja wa sherehe. Kikundi cha akina mama wa mtaani kwao kilikuwa kimeshona sare ya kitenge, na kilitaka mtu wa kusoma risala mbele ya mgeni rasmi. Nani mwingine? "Msomi wetu," walimwita, na hawakuwa wakimkejeli. Ni hao hao waliombebea mtoto nje ya chumba cha mtihani kwa masomo yaliyotangulia, wakimbembeleza kwa zamu. Sekela akakubali. Risala ilipangwa asubuhi. Angeisoma, avuke uwanja, akafanye mtihani wake.

Mgeni rasmi hakuja asubuhi. Maandamano yakapita. Ngoma zikachezwa, zikarudiwa. Kwaya ikaishiwa nyimbo. Mshereheshaji akasema mgeni yuko njiani, kama wasemavyo washereheshaji wote. Jua likasimama juu ya turubai, na ng'ambo ya uwanja Sekela akawaona wenzake wakiingia getini na vikokotoo mkononi. Akampa jirani yake risala, akainuka.

Mama Lugano, mwenyekiti wa kikundi, akamshika mkono wa sare. Hakumshika kwa ukali. Alimshika kama mtu anavyomshika mwanawe wanapovuka barabara.

"Mwanangu, mtihani utarudi. Mgeni rasmi harudi. Usituaibishe."

Habari ya usajili alikwisha kuelezwa, tena si mara moja. Alikuwa ameisikia kama tunavyosikia mambo ya wenzetu.

Sekela akaketi.

Mgeni alipofika alikuwa mwanamume, na hilo si kosa lake, kaalikwa. Sekela akasimama, akasoma kwa sauti iliyonyooka, kila neno mahali pake, hadi pale risala ilipoiomba jamii imwachie mwanamke nafasi ya kusoma. Vigelegele vikapasua uwanja. Mama Lugano akalia, machozi ya kweli kabisa. Mgeni akamkabidhi msomaji zawadi ya beseni la plastiki, jekundu, picha zikapigwa, ikabidi alinyanyue vizuri lionekane.

Kisha akakimbia. Alivuka uwanja na beseni lake, sare ikimbana magoti, akafika mlangoni akihema. Msimamizi wa mtihani alikuwa mwanamke wa makamo. Alimtazama Sekela kutoka juu hadi chini, akaitazama saa ukutani, akatikisa kichwa polepole. Muda wa kuwapokea waliochelewa ulikuwa umepita zamani. Nyuma yake dawati moja lilikuwa tupu, na karatasi ya maswali ilikuwa bado imefunikwa juu yake.

Sekela hakugombana. Alikwenda nje, akaligeuza beseni, akakaa juu yake chini ya dirisha. Kutoka uwanjani alisikia kwaya imeanza tena, wamepata nyimbo. Kutoka ndani alisikia kalamu. Alikaa hapo hadi watu wakatoka, na mmoja aliyesoma naye kwa simu miaka yote akamuuliza, "Dada, ulikuwa wapi?" "Nilichelewa," Sekela akasema, maana jibu jingine lolote lingewasema vibaya wale waliombebea mtoto.

Mwaka uliofuata kikundi kilimwomba tena asome risala, maana sauti yake ni nzuri, na mwaka huo hakuwa na mtihani.

Nasi leo tumependeza, sare zimetukaa. Kabla hatujapiga kigelegele cha kwanza, hebu kila mmoja atazame mkono wake: umeshika mkono wa nani, na yeye alikuwa anakwenda wapi?