Koti Moja Lililonyooka

Nyani, wasema wahenga, haoni kundule. Huliona la mwenziwe. Tukiisikia methali hii wengi wetu hucheka, kisha kila mmoja humtazama jirani yake, na hapo hapo methali imeshatunasa. Maana yake ni kwamba binadamu ni hodari wa kuona ila ya mwingine kuliko yake mwenyewe. Fundi mmoja wa nguo aliijua kwa ghibu tangu utotoni, lakini ilibidi afundishwe upya ukubwani, tena kwa futi yake mwenyewe.

Fundi huyo aliitwa Mama Futi, kwa sababu kamba yake ya kupimia haikutoka shingoni ila wakati wa kulala. Kibanda chake kilitazamana na lango la shule, na kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyeshona makoti ya wanafunzi. Alikuwa na jicho kali, na ulimi mkali zaidi. Mtu akipita barabarani, yeye alimsoma mgongo. "Yule anabeba mkoba bega moja," angesema, uzi ukiwa mdomoni. "Na yule pale, kiti kwake ni kitanda." Mara nyingi hakukosea.

Jumatatu moja mwalimu mkuu aliingia kibandani amekumbatia rundo la makoti.

"Mama Futi, kuna nini? Makoti ya darasa la saba yamekwenda upande. Watoto wakiyavaa, pindo la kushoto linaning'inia. Nimehesabu ishirini na saba."

"Haiwezekani, mwalimu. Nimeyakata kwa mkono wangu."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wazazi wamenikalia kooni. Nipe jibu kufikia Ijumaa, la sivyo mwakani kazi itakwenda kwa fundi mwingine. Usinichukie, mama."

Mama Futi hakumchukia, ila aliogopa. Kazi ile ndiyo iliyomlelea watoto. Tena kulikuwa na jambo asilomwambia mtu: kwa mwaka mzima mgongo ulikuwa ukimwaka moto chini ya shingo, na vidole vikimfa ganzi. Uzee huo, alijiambia. Sasa akajiuliza kama uzee umefika hadi kwenye mkasi.

Aliyatandaza makoti mezani, akayapima moja baada ya jingine. Kushoto na kulia, sawasawa. Koti likilala halina kosa, likivaliwa linapinda. Kosa liko wapi basi? Swali hilo lilimkera kama uzi ulionasa kwenye jino. Akazidi kuwaza. Darasa la saba lina wanafunzi ishirini na wanane. Mbona makoti ni ishirini na saba?

Kesho yake alivuka barabara, akaomba kukaa nyuma ya darasa lile. Wanafunzi walidhani amekuja kukagua vifungo. Yeye alitazama migongo tu. Kila walipoanza kuandika, mabega ya kulia yalipanda kuelekea masikioni, ya kushoto yakadidimia, na vichwa vikainamia daftari kana kwamba wananusa wino. Mabega hayo yalibaki hivyo hivyo hata walipotoka kwenda mapumziko. Mwanafunzi mmoja tu, msichana mrefu waliyemwita Twiga, alikaa ametulia, viwiko juu ya meza, mabega sawa.

Kengele ilipolia, Mama Futi alimvuta pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Koti lako halijarudishwa?"

"Langu halina shida. Wenzangu ndio wanalalamika. Wanasema hata migongo inawauma."

"Tangu lini?"

Twiga alifikiri. "Tangu yalipokuja haya madawati. Tuliletewa kutoka chuo cha watu wazima. Benchi zikabaki zile zile fupi. Mimi yananitosha, lakini wao wanaandika kama wanaochungulia juu ya ukuta."

Mama Futi alishusha futi shingoni, akapima dawati, akapima benchi, akawapima watoto kutoka benchi hadi kiwiko. Madawati yalizidi kwa inchi nne. Alitabasamu hadi magego yakaonekana. Mkasi wake haukuwa na kosa!

Ijumaa mwalimu mkuu alipofika, alimkuta Mama Futi amevaa gauni jipya alilojishonea kwa ajili ya siku ya zawadi ya shule, na Twiga kando yake kama shahidi.

"Mwalimu, nguo haisemi uongo," alianza. "Inasema mwili ulivyo. Hawa watoto wanaandika mabega yamepanda juu, siku nzima. Lete seremala apunguze miguu ya madawati inchi nne, ila la huyu Twiga tu, kama ninavyopunguza suruali mimi. Nyayo zikae sakafuni, kiwiko kikae mezani bila kunyanyua bega. Na kila kengele ikilia, wasimame, wajinyooshe. Mgongo wa mtoto ukizoea kupinda, utakuja kumdai ukubwani."

Mwalimu mkuu alimsikiliza hadi mwisho, akakubali kushindwa. "Kazi ni yako, mama. Na unisamehe." Aligeuka kuondoka, kisha akasita mlangoni. "Ila... samahani. Hilo gauni lako mbona nyuma limepanda na mbele linafagia?"

"Kitambaa hiki! Vitambaa vya siku hizi havina adabu."

Twiga aliinamisha kichwa ili asicheke, lakini udadisi ulimshinda heshima. "Mama, ulilikata kwa vipimo gani?"

"Vyangu. Vile pale." Ukutani, kwa chaki iliyofifia, vilikuwepo vipimo alivyoviandika mwaka aliofungua kibanda. Tangu hapo alikuwa ameupima mji mzima, na hakuna aliyempima yeye.

Twiga alinyoosha mkono, akapewa futi. Alipima kutoka mfupa wa shingo hadi kiunoni. "Mgongo, kumi na saba. Ukutani ni kumi na tano." Akahamia mbele. "Shingo hadi kiuno, mbele pamepungua inchi moja na nusu."

"Futi imevutika!"

Waliilinganisha na rula ya mwalimu. Futi haikuwa imevutika.

Mama Futi alikitazama kimeza cha cherehani yake ya umeme, alichorithi kwa mama yake, mwanamke mfupi kuliko yeye kwa kichwa kizima. Miaka kumi na tisa alikuwa amekiinamia, kutoka asubuhi hadi jioni, bila kusimama ila kwa kumpima mteja. Machozi yalimlenga, na nusu yake yalikuwa ya furaha. Kumbe si uzee. Kumbe mkono wake bado upo, na kinachomwangusha ni meza!

"Nguo haisemi uongo," mwalimu mkuu alisema kwa upole.

"Nyamaza, mwalimu," Mama Futi alijibu, akaangua kicheko hadi akashika kiuno.

Wiki iliyofuata seremala alikata miguu ya madawati. Twiga aliokota vipande vinne, akavileta kibandani, wakaviweka chini ya miguu ya kimeza. Tangu hapo, kengele ya shule ikilia, Twiga alichungulia dirisha la darasa na kuita, "Mama, simama!" naye alisimama, akinung'unika. Gauni hakulirekebisha. Alilitundika ukutani, akilivaa kila mwisho wa mwezi kuona pindo limefika wapi. Vidole vilipata uhai kwanza, kisha moto wa shingoni ukapoa. Kufikia siku ya zawadi, pindo la nyuma lilikuwa limeshuka upana wa kidole kimoja, na mbele halikufagia tena.

Siku hiyo makoti ishirini na manane yalipita yamenyooka, na wazazi wakampigia makofi fundi aliyeona kilichofichika katika migongo ya watoto wao. Mama Futi aliwaonyesha Twiga aliyeshika futi, akasema kwa sauti ya kusikika hadi langoni: "Mpigieni huyu. Mimi niliona ya kwao tu, maana nyani haoni kundule."