Ndoo ya Liwali na Maji ya Sultani

Hapo zamani, katika nchi yenye majimbo saba, palikuwa na Sultani mmoja juu ya wote, na kila jimbo lilikuwa na Liwali wake. Mababu walikuwa wameandika kwamba maji ya visimani ni ya Sultani, na kamba na ndoo ni za Liwali, ili wapate kuhitajiana. Basi Sultani na Liwali wa jimbo la Mkumbini wakagombana, muhuri wa nani utangulie juu ya barua. Liwali akaiondoa kamba yake kisimani. Sultani akaweka askari walinde maji yake. Ikawa watu wanatayamamu kwa mchanga na kunywa madafu hata matumbo yakawauma.

Aliyeumia zaidi ni Mwinchande, mchota maji, fukara asiye na kanzu ya pili. Chungu cha mkewe kilikuwa kimefudikizwa jikoni siku ya nne.

Ijumaa moja Sultani akaja Mkumbini, akamwita. "Ewe Mwinchande, husemwa una akili. Nataka kutawadha kwa maji ya kisima changu kabla ya adhuhuri, na kamba ya Liwali isiyaguse. Ukishindwa, uhame nchi yangu, wewe na mkeo."

Liwali aliposikia, naye akamwita. "Nami nataka ndoo yangu itoke kisimani humo imejaa, na tone la maji ya Sultani lisiwemo. Ukishindwa, uhame jimbo langu."

"Nikihama nchi, bwana, jimbo nitakuwa nimekwisha kulihama."

"Utahama mara mbili," akasema Liwali.

Mwinchande akaenda akasali rakaa mbili, akatubu kwa Mola wake kwamba aliwahi kuuza maji ya chumvi akiapa ni matamu, kisha akawaita mabwana wote wawili kisimani.

"Seyyid, maji ni tayari, wala kamba haijayaona. Vidato vya mawe ndivyo hivi. Shuka."

Sultani akaona haya kukataa mbele ya watu, akashuka, akatawadha. Ikaja kazi ya kupanda. Vidato vilikuwa na utelezi. Akipanda viwili, anarudi vitatu, hata joho likalowa.

"Leteni kamba," sauti ikatoka chini.

"Kamba ni yangu," akajibu Liwali.

"Basi na ndoo yako itatoka tupu, bwana," akasema Mwinchande kwa upole. "Humo hamna cha kuijaza ila maji na Sultani, na maji umeyakataza."

Liwali akachungulia kisimani. "Ajikamue kwanza."

Sultani akavua joho, akalikamua, Liwali akikagua kutoka juu. Ndoo kubwa ya ngozi ikateremshwa, akajipenyeza ndani yake, magoti kidevuni. Watu wa Liwali wakavuta, wakashindwa, maana Sultani alikuwa mtu wa kula vizuri, hata ikabidi askari wake washike kamba ileile. Ndoo ikapanda imejaa pomoni, kavu.

"Kamba irudi, maji yachotwe," akasema Sultani akihema. "Muhuri utangulie wowote. Nawe, Mwinchande, omba utakacho."

Mwinchande akapiga magoti. "Naomba msamaha tu, Seyyid. Vidato vya upande wa pili ni vikavu. Niliviona, nikanyamaza."

Sultani akamtazama, akamtazama, kisha akacheka hata kilemba kikamtoka kichwani, kikatumbukia kisimani. Akageuka polepole.

"Ndugu Liwali," akasema, "niazime kamba."

Ndoo ya kwanza ikatoka na maji na kilemba. Ya pili akaibeba Mwinchande, akaenda kukifudua chungu cha mkewe.