Nyanya Hazidaiwi Kodi

Ndugu zangu, mfikirieni mama mmoja mjane, mkulima wa nyanya kule milimani. Tumwite Mama Atupele. Mumewe alimwachia shamba na pikapu moja kuukuu, na kwa pikapu hiyo alipeleka nyanya gulioni, akasomesha watoto, akaezeka nyumba yake bati.

Sasa, mwenye gari hulipa kodi kila mwaka. Nyinyi wenye magari mnaijua kodi hiyo. Haiulizi kama mvua ilinyesha au kama nyanya ziliungua kwa baridi. Mwaka huo ilikuwa imepanda, na shamba lilikuwa limempa kidogo. Mama akamuuza mtamba wake aliyekuwa karibu kuzaa, akaenda kulipa. Watoto waliokuwa wakiyangoja maziwa walilia. Na yeye alilia, ila alikwenda kulilia zizini wasimwone.

Jirani yake mmoja, mkulima mwenzake mwenye pikapu nzuri kuliko ile, alimcheka. Akamweleza kwamba wenzake wote kijijini hawalipi. Wanapita njia za panya, na wakikutana na trafiki wanamshikisha chochote. Mama hakubishana naye. Alisema tu kwamba barabara ile anaipita kila gulio, na haoni kwa nini mtu mwingine amlipie.

Mnamwonaje mwanamke huyo? Wangapi kati yetu tungemtoa mtamba zizini kwa ajili ya kodi, hali hakuna anayetutazama?

Basi siku moja ya gulio trafiki wapya wakaweka kizuizi darajani, mahali ambapo njia zote za panya zinatokea. Pikapu za kijiji kizima zikazuiwa, matenga ya nyanya yakiwa bado juu. Ya mama ikaruhusiwa. Alipopita mbele ya jirani yake, siwafichi, alisikia utamu moyoni. Wewe usingeusikia?

Gulioni wanunuzi walimgombania, maana nyanya hazikuwapo ila zake. Jua halijapanda sana, alikuwa amemaliza, tena kwa bei ambayo hajawahi kuiona tangu aanze kulima. Wanunuzi wakamsihi alete nyingine. Akawaambia shambani zilizoiva zimekwisha, akawasha gari kurudi nyumbani kwa furaha.

Akafika darajani. Jua lilikuwa kali. Maji mekundu yalichuruzika kutoka kwenye matenga, nzi wamejaa, na jirani yake amekaa chini kando ya gurudumu, kofia imefunika uso. Mama akapita. Akaenda kidogo. Kisha akasimama, akarudi kinyumenyume mpaka pale.

Jirani akasema bila kuinua uso, "Cheka tu, Mama Atupele. Ni haki yako."

"Inuka tupakie," mama akamwambia. "Zilizo nzima bado zinauzika."

Askari akasogea. Akamwuliza mama kama anajua kwamba watu anaowasaidia wamekwepa kodi ambayo yeye mwenyewe ameilipa.

"Najua, afande. Magari yao yabaki hapa mpaka walipe," mama alijibu kwa adabu. "Lakini nyanya hazidaiwi kodi."

Askari akawaruhusu washushe matenga, magari yao yakabaki pale pale. Mchana ule wote mama alikwenda na kurudi, amebeba nyanya za jirani aliyemcheka na za wenzake. Alijua kwamba kila tenga analolishusha gulioni linashusha bei aliyoifurahia asubuhi. Hakuwatoza kitu ila mafuta. Jirani alipomwuliza kwa nini anafanya hivyo, alimjibu akiwa anafunga kamba ya mzigo:

"Nililipa ili nipite. Sikulipa ili nyinyi mkwame."

Ndugu zangu, mlidhani nitamalizia kwa kuwaambia mlipe kodi. Lipeni. Lakini hilo hata askari wa barabarani anaweza kuwaambia. Leo nasema na sisi ambao tumeshalipa. Sisi tusiolewa pombe, tusioiba, tunaofika ibadani mapema na kutoa sadaka. Tumejinyima kweli, na Mungu ameona. Lakini mbona jirani akikwama, tunapita mbele yake taratibu ili atuone vizuri? Mbona tunatamani uadilifu wetu utupatie bei nzuri, na bei hiyo haipatikani mpaka wengine waoze juani?

Yuko binti tuliyemwondoa kwenye kwaya alipopata mimba. Mtoto sasa anatembea, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumshika mkono. Yuko kijana aliyetoka gerezani mwezi uliopita. Leo amekuja, amekaa benchi la mwisho, na benchi lote lina nafasi.

Sitawaombea sasa hivi. Wimbo pia utasubiri. Nitanyamaza hapa mimbarini mpaka mmoja wetu ainuke akakae naye.