Nyumba Iliyovikwa Makumbi

Wewe uliyebinua mdomo, urudishe mahali pake. Hujasikia hata neno moja, tayari unasema ni uongo! Kaa kitako.

Palikuwa na sultani, jina lake Dafa, aliyechukia joto kuliko maadui zake. Akaivika nyumba yake kanzu ya makumbi ya nazi, unene wa shubiri moja, kuta zote kwa nje, madirisha na yenyewe yakafunikwa, kisha chokaa juu. Joto la nje likashindwa kuingia. La ndani, pamoja na pumzi za wakubwa wa baraza lake, likashindwa kutoka.

Akamwita Pandu, seremala. "Nitilie dirisha. Ila kanzu yangu usiikate hata upana wa ukucha."

Pandu, maskini, mtu wa kweli. Alitaka kueleza kwamba makumbi yakatwe, fremu izungushiwe kasha la mbao lenye unene uleule, na kizingiti cha chini kiinamie nje ili mvua isipenye ikaozesha kanzu nzima. Hakufika kwenye kasha. Aliposema "yakatwe" tu, gerezani.

Mkewe, Bi Mashavu, msokota kamba, akajitoma ukumbini na bunda la makumbi kwapani.

"Umekuja kulia?" akauliza Sultani, akijipepea.

"Machozi nimeyaacha nyumbani, Maulana. Nimekuja kazini. Amri ni ipi hasa?"

"Kanzu isiwe na pengo."

"Dogo je?"

"Hata la kupita sisimizi!"

"Na atakayeikata?"

"Gerezani."

"Hata ukimwomba wewe mwenyewe?"

"Hata nikimpigia magoti! Amri yangu hairudi nyuma."

"Basi waliokuvikia nyumba wamekucheza shere. Wameacha pengo, ng'ombe anapita."

Sultani akaruka kitini. "Kwenye kanzu yangu? Lizibe!"

"Peke yangu? Ngazi atanishikia nani? Nipe Pandu."

"Mtoeni! Upesi!"

Pandu akatolewa, akasimama nje na nyundo mkononi na misumari mdomoni, haelewi hili wala lile.

"Lakini wewe mwanamke," Sultani akasema, akikodolea kuta macho, "pengo lenyewe liko wapi? Mbona silioni?"

"Utalionaje, na kila siku unalipita? Ndilo hili ninalotokea. Siku amri yako ikijifunza kurudi nyuma, Maulana, gonga kwa ndani."

Akatoka, akafunga mlango, akampa Pandu bunda la makumbi aligongomee juu yake.