Kitambaa Chini ya Kiti cha Nyuma

Mwenye chombo ni ajuaye kinapovuja. Mmeyasikia maneno haya leo akiambiwa bwana harusi, mkacheka, na sasa mmekuja kuniuliza ni chombo gani hicho na kilivuja wapi. Kaeni. Kilivuja hapa hapa kwetu, Ziwa Nyasa, na mambo yalikwenda hivi.

Faustini Komba alikuwa fundi cherehani. Alirudi kutoka Songea akiwa na hamu moja tu moyoni: kumiliki boti ya tanga na kusafirisha watu katika vijiji vya mwambao. Ujanani alikuwa amejifunza tanga kwa mjomba wake, akaona inatosha. Boti aliipata kwa Mama Gaudensia, mjane ambaye kwa miaka ishirini alisafiri nayo pamoja na marehemu mumewe.

Siku ya kukabidhiana, watu wakiwa wamejaa ufukweni, Mama Gaudensia alimwambia, "Mwanangu, kabla hujaigusa, nipe siku moja. Tuingie majini mimi na wewe, nikuoneshe tabia zake."

Faustini aliwatupia jicho wale watu. Alijiona amesimama kama mtoto wa darasa la kwanza, anafundishwa chombo chake na bibi mwenye mkongojo.

"Ahsante, mama," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "lakini si umeshaniuzia? Boti ni yangu. Nitaijua mwenyewe."

"Haya, baba," alijibu yule mama, akaenda zake.

Wiki mbili Faustini aliitengeneza. Tanga lilikuwa limechanika, akalishona kwa mkono wake, na hakuna aliyewahi kuona mshono mzuri kama ule. Alibadilisha kamba zilizooza. Alikwangua ubao wote. Chini ya kiti cha nyuma alikuta kitambaa cheusi kilicholowa mafuta, kimeshindiliwa katikati ya mbao mbili. "Uchafu gani huu!" alisema. Akakichokonoa kwa kisu, akakitupa motoni. Penye ufa akapaka lami kidogo, juu yake rangi ya kijani, pakawa laini kama shavu la mtoto. Kisha ubavuni akaandika jina jipya: USHINDI.

Safari ya kwanza ilikuwa ya kuwapeleka wanakwaya kwenye sikukuu ya parokia, ng'ambo ya rasi. Walipanda watu kumi na wanne. Mbele kabisa alikaa Mzee Kolumbani, katekista, baba mkwe wake Faustini, kifua mbele kwa ajili ya mkwewe. Mama Gaudensia naye alikuwemo, maana alikuwa mwimbaji.

Walipoizunguka rasi, mwera, ule upepo mkali wa kusini, uliwapokea kwa nguvu. Mbao zikaanza kujinyonga, ile lami ikapasuka, na maji yakaingia. Kwanza yalilowesha nyayo. Kabla wimbo haujafika ubeti wa tatu yalikuwa yamefika vifundoni, na wimbo ukakatika wenyewe.

"Ni mawimbi tu yanarusha maji," alisema Faustini. "Chukueni sufuria mkumbe."

Walikumba, lakini maji yalizidi. Mama Gaudensia alishuka kwenye kiti, akapiga magoti majini, akaanza kupapasa chini ya kiti cha nyuma.

"Faustini, kile kitambaa kiko wapi?"

Baba mkwe alikuwa amegeuka, anamtazama.

"Kitambaa gani, mama? Mimi sikukiona."

"Basi kimechomoka. Kitakuwa kinaelea humu humu. Nisaidieni kukitafuta!"

Wakaanza kukitafuta, wanaume kwa wanawake, mikono yao ndani ya maji machafu, chini ya mabegi, chini ya majoho ya kwaya. Faustini aliwatazama wakitafuta kitu alichojua ni majivu. Binti mmoja alilia. Maji yakafika nusu ya miundi. Hapo Faustini alihisi uso wake unaungua kuliko kitambaa kile kilivyoungua.

"Acheni!" alipaza sauti. "Acheni kutafuta. Nilikitoa mimi. Nilikichoma moto. Nimewadanganya."

Mama Gaudensia hata hakumtazama. Alivua kilemba chake, akaomba mafuta ya kujipaka, akakipaka, akakisokota na kukishindilia ufani kwa kisigino cha mkongojo.

"Tua tanga nusu," aliamuru. "Wenye miili mikubwa njooni upande wa kulia. Faustini, rudi ufukweni, polepole."

Faustini alitii kila neno.

Waliposhuka wamelowa chapachapa, wavuvi waliokuwa ufukweni waliwakimbilia. "Jamani! Nani mwenye chombo hiki?" mmoja aliuliza.

Watu wote wakamwachia Faustini ajibu mwenyewe. Hata Mzee Kolumbani aliinamisha kichwa, akikamua kanzu yake.

"Mwenye chombo ni ajuaye kinapovuja," alisema Faustini, macho yake mchangani. Akanyoosha mkono kwa Mama Gaudensia. "Ni yule pale. Mimi nimekinunua tu."

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa yule mama, akapiga magoti mlangoni, akaomba ile siku moja aliyoikataa. Hakupewa siku moja, alipewa miezi miwili. Kila siku aliingia majini mbele ya watu wale wale, anaelekezwa kwa mkongojo, na wapita njia wakimwita "mwenye Ushindi". Aliinamisha uso, akaendelea kujifunza. Jina lile alilifuta mwenyewe.

Siku moja alimkuta Mama Gaudensia anaanika dagaa. "Mama, kuna mahali panatoa jasho, chini ya mlingoti. Hukuwahi kunionesha."

Wakaenda. Bibi alipitisha kidole pale, kikatoka na unyevu.

"Hapa sikupajua," alisema. "Haya, Faustini. Leo ndiyo nimekuuzia."

Kwa hiyo bwana harusi hakutukanwa, wanangu. Aliambiwa tu kwamba kupewa ni jambo moja na kumiliki ni jambo jingine: mwenye chombo ni ajuaye kinapovuja.